Mchele wa Kupanda Miti

Wasimulizi wengine wakiitaja nchi ya Juujuu huanza na uzuri wa vilele vyake. Mimi sina subira hiyo. Naanza na mchele, maana mchele ndio uliomfikisha Sikudhani huko, na laiti watu wa Bondeni wangeuliza mapema mchele wao unafanya kazi gani, hadithi hii isingekuwapo nasi tungekwenda kulala.

Bondeni ni mji wa mpunga. Unakunywa, unaoga na kulima kwa Mto Wema, na Mto Wema chanzo chake kiko Juujuu, kwa watu wengine wenye sheria zao. Kwa hiyo kila baada ya mavuno kila nyumba ilitoa pishi ya mchele, tajiri pishi, maskini pishi, na mchele ukapelekwa juu pamoja na maneno yaleyale: huu ni mchango wetu wa kupanda miti kwenye chanzo. Juujuu walipokea, wakashukuru kwa ngoma na hotuba ndefu. Na kila mwaka mto ukapungua.

Aliyekuwa akizunguka mlango kwa mlango kuhimiza mchango huo ni Sikudhani, mwanamke asiyejua kutulia, ambaye hata msibani alikaa upande mmoja kama anayetaka kuondoka. Watu walitoa kwa uso wake. Mwaka ule mto uliposhuka hadi kwenye vifundo vya miguu, walimwendea yeye kwanza, si mkuu wa mji. Baadhi yao walikwisha kuanza kung'oa mabati ya nyumba zao wahamie ziwani. Baada ya ugomvi mrefu wakaafikiana: apande yeye mwenyewe na mchele, aione hiyo miti kwa macho yake, na kabla ya mvua za vuli alete neno. Wabaki, au wahame.

"Na ukinyamaza, shemeji," alisema Mbwana, mdogo wa mumewe, aliyepewa kazi ya kuswaga punda, "kunyamaza nako ni jibu. Watahama."

Basi Sikudhani aliingia Juujuu roho iko juu, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kilichowapendeza wenyeji.

Langoni walizuia punda. Sheria ya Juujuu inasema mnyama anayetembea akitazama chini haingii, kwa kuwa ataharibu watoto. Mbwana akabaki nje na wanyama wake, na magunia yakachukuliwa na wapagazi waliotembea juu ya mironjo, ile miguu ya mti ambayo kwetu huchezewa na watoto. Pamoja nao alikuwapo afisa wa mapokezi, Bwana Ngwali, kijana mwenye sauti nzuri, naye pia juu ya mironjo mirefu kiasi kwamba Sikudhani alizungumza na magoti yake.

"Karibu, dada. Uko wapi?"

"Niko hapa," alisema Sikudhani.

Ngwali akaona haya kwa niaba yake. "Huku hatujibu hivyo. Mtu akikuuliza uko wapi, sema: juu. Ndiyo salamu yetu."

"Lakini mimi niko chini."

"Wengi wetu tuko chini, dada. Ni adabu tu."

Wakaenda. Sikudhani alikuwa akitazama huku na huku, akitafuta kijani. Nchi ilikuwa tupu, udongo mwekundu uliochimbwa mifereji na mvua, na juu ya udongo huo zilisimama ngazi. Hazikuegemea kitu. Zilifungwa kamba kwenye vigingi, zikashikiliwa na watu kwa chini, zikaelekea mbinguni, na juu ya kila moja kulikuwa na mtu, wengine wakipunga mkono, wengine wamechoka wamekumbatia vipandio.

Utawala wa nchi, alieleza Ngwali, una ngazi kama nchi yoyote iliyostaarabika. Kuna wa shina, kuna wa tawi la kwanza mpaka la tisa, na kuna Mpanda Mkuu aliye kileleni. Sikudhani akauliza ofisi ya mzizi iko wapi. Ngwali akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto wa jirani.

"Mzizi uwe na ofisi ya nini, nani atauona?"

Sheria nyingine alizisikia njiani, nazo ninazitaja kama alivyozitaja yeye. Mtoto wa Juujuu hafundishwi kutembea mpaka amejua kupanda. Methali ya "mpanda ngazi hushuka" ni marufuku, na "aliye juu mngoje chini" imesahihishwa na Baraza ikawa "aliye juu mfuate." Na mtu akianguka, ameanguka kweli: kisheria hayupo. Hasalimiwi, hajibiwi, hasikiki. Mkewe hukaa eda huku yeye mwenyewe akimchungulia dirishani akiomba chai.

Sikudhani akashindwa kuvumilia. "Bwana Ngwali, nimekuja kuona miti. Iko wapi?"

"Tumeipanda yote."

"Najua. Nataka kuiona."

"Dada, hunisikii. Tumeipanda yote mpaka ikaisha."

Alisimama. Akamtazama Ngwali akining'inia kule juu kwenye mironjo yake, akazitazama zile ngazi, na watu waliozikumbatia, na neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilisema mlango kwa mlango miaka yote ile likageuka mdomoni mwake kama tonge lenye jiwe.

"Mliikwea," alisema.

"Tuliipanda," alisema Ngwali, "kama mlivyoomba. Nchi nzima. Wanawake, watoto, wagonjwa walibebwa. Maganda yakachubuka, matawi yakavunjika, miti ikafa, Mungu airehemu. Lakini hatukuvunja ahadi. Tulichonga ngazi tukaendelea."

"Mlichonga kwa miti ya wapi?"

"Ya chanzoni. Ndiyo iliyokuwa imebaki, na ndiyo iliyonyooka."

Siku hiyohiyo Sikudhani alidai kuonana na Baraza, na kwa vile mchele ulikuwa bado haujakabidhiwa rasmi, alikubaliwa upesi. Baraza la Juujuu ni duara la ngazi, wajumbe wamekaa kwa vyeo, na wa juu hawasikii wa chini wanasema nini, jambo linalofupisha vikao. Yeye alipewa ngazi ya wageni. Alikanyaga kipandio cha kwanza, akakataa kuendelea.

Hoja ya siku ile ilikuwa kama ngazi iliyopakwa rangi ya kijani inaweza kuhesabiwa kuwa mti. Mjumbe mmoja wa tawi la sita, mwanachuoni mwenye ndevu, alithibitisha kwamba mti una shina moja na ngazi ina mawili, kwa hiyo kila ngazi ni miti miwili, na kwamba kwa hesabu hiyo msitu wa Juujuu haujapata kuwa mkubwa namna ile tangu dunia iumbwe. Wakapiga makofi kwa uangalifu, mkono mmoja ukipiga paja, mwingine ukishika ngazi.

"Waheshimiwa," Sikudhani alipaza sauti, "mto wetu unakufa! Tuliposema kupanda tulikuwa na maana ya kuchimba shimo, kutia mche, kufukia. Mmeelewa vibaya!"

Maneno yake yakapokezanwa juu, kipandio kwa kipandio. Kisha kutoka kileleni Mpanda Mkuu akazungumza. Sikudhani alitegemea mjinga, na hilo lilikuwa kosa lake. Mzee yule alikuwa na sauti ya mtu aliyesoma na aliyechoka.

"Bibi, hatukuzaliwa jana. Tunajua kupanda ni kuwili. Watu wetu walianza na kupanda kwa namna yenu, kwa kuchimba. Walitoboa mashimo, wakatia vijiti, wakamwagia maji. Wajumbe wa Bondeni walipokuja kutazama mchango wao unafanya nini, walionyeshwa nini? Vijiti. Wakanuna, wakaondoka kabla ya chakula. Mwaka uliofuata mchele ulikuja nusu. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akakwea mkuyu, akapunga mkono. Wajumbe wenu wakapiga vigelegele. Mwaka uliofuata mchele ulikuja mara mbili. Sisi tumeufuata mchele, bibi. Mchele wenu ndio uliotufundisha maana ya neno."

Sikudhani aliwakumbuka wajumbe wale, walivyorudi wakijigamba sokoni: tumewaona kwa macho yetu, wako juu ya miti! Na mji mzima ukashangilia. Mti uliotiwa ardhini leo hauonekani leo. Mtu aliyekwea mti anaonekana papo hapo, na ukimpungia, anakupungia.

Lakini hakuwa mtu wa kunyamaza. "Basi tubadili neno," alisema. "Tusiseme kupanda. Tuseme kuotesha. Mchele huu ni wa kuotesha miti."

Naam, hapo Baraza lilichangamka kama nyuki waliochokozwa. Mjumbe wa tawi la nne akasema neno hilo ni zuri na halina utata: mti huoteshwa kwa mtu kulala akauota, na akaomba ianzishwe Idara ya Ndoto, yenye magodoro. Mjumbe wa tawi la tano akampinga vikali, kwamba kila mtu anajua watu huota moto, na moto huoteshwa kwa kuni, kwa hiyo mgeni anaomba ngazi za zamani zichomwe na mpya zichongwe. Wa tawi la saba akataka kujua kama magodoro yatakuwa juu. Waligombana mpaka jua likageuka, wakapitisha vyote viwili.

Sikudhani akashuka kile kipandio chake kimoja. Alielewa, na kuelewa kulimtia baridi, kwamba hata angewaletea kamusi nzima wangeipanda.

Asubuhi yake alimlazimisha Ngwali ampeleke chanzoni. Ngwali hakupenda. Huko, alisema, hakuna cha kuona.

Na kweli hakikuwapo. Mahali ambapo Mto Wema unazaliwa palikuwa na tope la ukubwa wa ua wa nyumba, na kulizunguka vilisimama visiki vya mikuyu, vipana, vimekatwa sawasawa kama viti vya wageni. Maji yalitoka katikati ya tope kwa unyonge, kama mzee anayejikaza kuongea. Ukingoni alikaa mwanamume mwenye kanzu kuukuu akirusha mawe kwa mbuzi.

"Nani yule?" aliuliza Sikudhani.

"Simwoni mtu," alisema Ngwali, akiwa amekunja shingo kutazama upande mwingine.

Mwanamume yule alicheka. "Mimi ni Chande, dada. Nilikuwa tawi la saba, nikapiga chafya. Tangu siku ile sipo." Aliinuka akajipangusa. "Nikwambie ukweli? Ardhi haiumi sana. Nilikuwa nimetishwa bure."

"Unafanya nini hapa?"

"Sifanyi kitu. Nafukuza mbuzi tu. Wakija wanakula hivi."

Alionyesha, na Sikudhani akainama. Ubavuni mwa visiki, kutoka kwenye mizizi ambayo haikuwa na ofisi, machipukizi yalikuwa yametokeza. Mabichi, laini, yenye majani mawili matatu. Hakuna aliyeyapanda kwa maana yoyote ya neno. Mkuyu ulikuwa umekatwa, ukakataa.

Chande aliendelea kueleza bila haraka, mtu aliyezoea kutosikilizwa. Yangezungushiwa miiba yangekua. Ule mteremko ungechimbwa makinga ya kuzuia mvua isikimbie na udongo, maji yangezama badala ya kutoroka. Lakini hiyo ni kazi ya mikono mingi, na mikono mingi inataka kula, na mchele wote huenda juu, kipandio kwa kipandio, kila afisa akichota chake, mpaka wanaoshikilia ngazi kwa chini wanapata kukung'uta gunia tupu.

Karibu na kisiki kikubwa kuliko vyote ilikuwa imelazwa ngazi mpya, haijapakwa rangi, mbao zake zingali zinatoa utomvu. Kwenye kila kipandio lilichongwa jina, maana Juujuu huwaenzi waliotoa. Sikudhani aliyapitia kwa macho tu, kwa kukosa utulivu, na kwenye kipandio cha nne akasoma: Bi Mwanate wa Bondeni.

Ni mama yake. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Pishi yake ya mwisho alipepeta mwenyewe akiwa amekaa kitandani, akikataa kusaidiwa, akisema mchele wa maji hautolewi ukiwa na chuya. Sikudhani aliushika ule mti uliochongwa, ungali na unyevu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani akakaa chini. Alilia. Alilia kwa aibu kwanza, kisha aibu ikaisha ikabaki hasira, na hasira ilimfaa zaidi kwa sababu ilimwinua.

"Bwana Ngwali," alisema, "nenda kawaambie wakubwa zako. Mchele nitaukabidhi hapa hapa chanzoni, mbele ya hivi vichipukizi, na si mahali pengine. Hawataki, wakae bila."

Alitegemea ubishi. Walikubali kwa furaha! Sherehe mahali papya, kitu kipya cha kuzindua. Juujuu haijapata kukataa uzinduzi. Siku ya sherehe walikuja wote, maafisa wa matawi juu ya mironjo yenye riboni, wapagazi na magunia, ngoma, na mbele yao Mpanda Mkuu kwenye mironjo mirefu kuliko yote, akitembea kwa madaha kama korongo. Wenye kushikilia ngazi walikuja pia, wakasimama mbali wakiwa na njaa yao.

Hotuba zilikuwa kama hotuba. Mwishoni Mpanda Mkuu akakisogelea kisiki na kulitazama chipukizi refu kuliko mengine, lililofika magotini mwa mtoto.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema, "na kwa kuwa sheria yetu inasema kila kilichopandwa sharti kipandwe, nazindua mti huu."

Akainua mguu wa mti aukanyagie juu ya chipukizi.

Sikudhani hakufikiri. Watu walimuuliza baadaye kama alikuwa amepanga, akasema kama angepanga angevaa nguo nyingine. Aliruka akaudaka ule mronjo kwa mikono miwili, akavuta. Mpanda Mkuu aliyumba, akatanua mikono, akasema neno ambalo halifai kuandikwa, akadondoka chali katikati ya tope la Mto Wema.

Ngoma zikanyamaza.

"Mkamateni!" alipiga kelele kutoka topeni. "Mkamateni mwanamke huyu!"

Hakuna aliyesogea. Maafisa walitazamana, kisha wakaanza kutazama mawingu. Alikuwa ameanguka. Sheria aliitia sahihi yeye mwenyewe: aliyeanguka hayupo, na amri ya asiyekuwapo haisikiki. Alipiga kelele tena, akataja majina yao mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Mwanachuoni wa tawi la sita akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba upepo leo ni mkali. Kisha wazo moja likawapata wote kwa pamoja, kwamba kilele kiko wazi, na wakageuka kwa mironjo yao wakakimbia kurudi mjini, wakisukumana, wakiacha ngoma, wakiacha riboni, wakiacha mchele wote chini, mahali ambapo hakuna afisa angethubutu kuinama kuuokota.

Ngwali alibaki nyuma kidogo, amevurugika. Naye alikuwa na ndoto zake za tawi la pili. Sikudhani akamshika mguu, kwa upole safari hii.

"Kaka yangu, nifanyie hisani moja. Pitia langoni. Shemeji yangu Mbwana yuko pale na punda. Mwambie akimbie Bondeni, awaambie wapande. Wapande mara moja, mvua isiwakute njiani!"

"Wapande," alirudia Ngwali, akafurahi kuwa na jambo la kutumwa, akaondoka mbio.

Alikwisha kupotelea nyuma ya kilima Sikudhani alipolisikia vizuri lile alilolisema. Alijipiga kipaji cha uso. Mji mzima ulikuwa unangoja neno moja kutoka kwake, naye kati ya maneno yote ya Kiswahili alikuwa amechagua lile. Alikimbia hadi kilimani akaita, lakini mironjo ni miguu mirefu, na kumfuata kungekuwa kuwaachia mbuzi mchele.

Kwa hiyo akafanya kazi iliyokuwapo. Aliwasha moto, akabandika ngoma moja ya serikali iwe sufuria, maana ilikuwa ya shaba, akapika wali. Harufu ya wali haijui cheo. Wenye kushikilia ngazi walisogea, wakasimama ukingoni wakiiogopa ardhi yenyewe. Kukaa chini kula ni kuanguka, na kuanguka ni kutokuwapo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Nikila, nitakuwa sipo?" aliuliza.

"Hutakuwapo," alisema Chande, "lakini utakuwa umeshiba."

Akakaa, na wengine wakafuata. Sikudhani aliwaambia sharti moja tu, kwamba anayekula mchana achimbe jioni, au akate miiba, au abebe mawe. Walikuwa hodari. Watu waliozoea kushikilia ngazi wana mikono mizuri. Habari zilienea, na ngazi za jirani zikaanza kubaki bila wa kuzishikilia, na walio juu yake, mmoja baada ya mwingine, wakaja kuuliza kwa adabu kama wali umebaki. Mvua zilipokaribia, Juujuu ilikuwa na watu wengi wasiokuwapo kuliko waliopo, na makinga matatu yalikuwa yamekatisha mteremko.

Aliyekuwa Mpanda Mkuu alikaa pembeni akitoa amri hewani mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye Chande, ambaye kwa kuwa hayupo hakuzuiwa kumsikia asiyekuwapo, akamwendea.

"Nakusikia, Mheshimiwa. Shika mwiba huu upande huo. Usivute, shika tu."

Mzee alishika. Baada ya muda akauliza polepole kama kuna mtu anawaona. Chande akasema hakuna. Mzee akashusha pumzi, sijui ni ya huzuni au ya nafuu, akaendelea kushika.

Lakini Sikudhani hakupata raha. Mchele ulikuwa unapungua. Makinga matatu hayatoshi mlima ule. Yalihitajika mengi, na mikono ya Bondeni, na mchele mwingine wa Bondeni, mwaka huu na ujao na ule wa baada yake, wa kitu ambacho hakipungi mkono. Kama wamehama, kazi yote hii ni mchezo. Kila alipopumzika alijikuta amepanda kilima kutazama njia. Aliwaza: wamekwisha kubomoa. Aliwaza: wameelewa. Aliwaza: wameelewa vingine. Alirudi akachimba kwa hasira mpaka wenzake wakamwambia dada, hilo kinga, si kaburi.

Siku wingu la kwanza la vuli lilipokaa juu ya kilima, ilisikika sauti ya watu wengi kutoka njia ya chini. Sikudhani alitupa jembe akakimbia.

Kitu cha kwanza kutokeza kwenye ukingo wa kilima kilikuwa ngazi.

Ilikuwa ndefu, mpya, imepakwa kijani, imebebwa mabegani na wanaume wanane, na Mbwana ametangulia akiwaongoza kama bwana harusi. Majina ya nyumba zote za Bondeni yalikuwa yamechongwa.

"Shemeji!" aliita Mbwana. "Umesema tupande! Tumekuja kupanda, mji mzima, hatuhami! Nilipokuwa langoni nilizichungulia ngazi zao, nikasema hawa hawatushindi!"

Nyuma ya wanaume wale walikuwa wakija wanawake wa Bondeni, na mume wa Sikudhani, na vijana, wamebeba mafungu ya mpunga na majembe, mengi chuma tupu bila mipini, wamekusanya haraka haraka. Walikuwa wakigombana, na ilionekana wamegombana tangu nyumbani.

"Tuliwaambia!" mmoja wao alipiga kelele. "Tuliwaambia kupanda ni kupanda miche, wakasema wanawake hawajui mambo ya nje!"

"Mbwana," Sikudhani aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "hii ngazi ni ya mti gani?"

Mbwana aliacha kutabasamu. "Ule mkuyu wa kivukoni," alisema. "Ndio uliokuwa umebaki."

Sikudhani aliutazama mlima, mifereji ya udongo mwekundu, vichipukizi vidogo nyuma ya miiba, watu wa Juujuu wamesimama kwenye mitaro yao wakimngoja. Tone la mvua likamwangukia mkononi, kisha jingine. Alitaka kumpiga shemeji yake. Alitaka pia kumkumbatia, kwa kuwa amekuja, wamekuja wote, na yeye ndiye aliyelituma lile neno.

"Iteremsheni," alisema. "Ipasueni. Majembe yenu hayana mipini, na mvua hiyo inakuja."

Mbwana aliiangalia ngazi, jina la nyumba yake likiwa kwenye kipandio cha juu kabisa. Kisha akaenda kwa Chande kuazima shoka.